Uzi wa sisi tunaofuatilia kompyuta mpya huku mfukoni tuna hela ya mtumba (Chuga, yaani Arusha, na Moshi karibuni)

VumbiLaSakina (mleta uzi)

Wakuu habari zenu.

Niseme ukweli wangu mapema msije mkanishtukia katikati ya uzi: sijawahi kununua kompyuta mpya maishani. Hata moja. Laptopu ninayoandikia ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Niliichukua kwa jamaa mmoja jirani na soko la Kilombero, mgongoni bado ina stika ya mali ya ofisi fulani ya Ulaya, imegoma kubanduka mpaka leo. Lakini niulize chipu iliyotoka mwezi huu. Niulize inakula wati ngapi, imefyatuliwa na kiwanda gani, RAM yake, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, inabadilishika au imechomelewa. Mke wangu anasema mimi ni kama mtu aliyekariri ratiba ya ndege zote za KIA na hajawahi kupanda hata moja.

Alfajiri ya tarehe 7 Januari 2025 nilikuwa macho saa kumi na moja na nusu, blanketi mabegani, bando la usiku linakata roho, namtazama Jensen Huang, bosi wa NVIDIA watengenezaji wa kadi za michoro, na koti lake la ngozi. Las Vegas ilikuwa bado jioni ya tarehe 6, maana mwezi wa kwanza tunawazidi saa 11. Akasema kadi mpya ya RTX 5070 ya dola 549 itafikia kasi ya 4090, ile kubwa kuliko zote ya kizazi kilichotangulia. Nikapiga ukelele peke yangu sebuleni, mimi ambaye sina hata kompyuta ya mezani ya kuichomekea! Wapimaji walipoipata wakaonyesha kwamba hesabu ile ilisimama juu ya fremu zinazobuniwa na akili mnemba. Ukizizima, 4090 inaiacha 5070 mbali. Ndiyo uzinduzi ulivyo, lazima usikilize na kalamu mkononi.

Sasa kwa nini najitesa? Kwa sababu ya mtumba wenyewe. Laptopu za maofisi ya Ulaya na Marekani hukaa kazini miaka mitatu, minne, halafu zinauzwa kwa jumla. Nyingine zinapitia Dubai, zinashuka Kariakoo, zinapandishwa basi hadi huku. Kwa hiyo kinachowekwa jukwaani leo ndicho kitakachokuwa kwenye kabati la kioo Barabara ya Sokoine mwaka 2029 au 2030. Naangalia uzinduzi kama mkulima wa Tengeru anavyoangalia mawingu ya Meru. Mvua si ya leo, ila jembe unaliandaa leo.

Mfano uliokwisha kutimia. Mwaka 2021 Microsoft walipotoa masharti ya Windows 11, upande wa Intel mlango ulianzia prosesa za kizazi cha 8. Binamu yangu alikuwa mbioni kuchukua HP EliteBook 840 G3, ile inayopendwa kuliko zote hapa mjini. Nikamwambia acha, hiyo ni kizazi cha 6, ongeza hela uchukue G5. Akaniona mchawi, akaichukua hivyohivyo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma, na G3 yake ikabaki nje ya geti. T480 yangu nayo ni kizazi cha 8, ilipita mlango ukiwa unafungwa.

Mfano mwingine ni wa saa tatu usiku, tarehe 10 Novemba 2020, Apple walipoitoa M1, chipu yao wenyewe ya kompyuta za Mac. Wengine walishangilia kasi. Mimi nilisimamisha video pale waliposema MacBook Air haina feni. Haina feni! Mtu wa Sakina anaelewa hilo. Mwezi wa tisa hapa kwetu feni ya laptopu inavuta vumbi mpaka fundi akifungua anakuuliza kama unalimia. Tangu siku ile nikaanza kuhesabu miaka, na sasa hivi M1 zinapatikana mtumbani. Tatizo nyingi ni za GB 8, na RAM yake haiongezeki mpaka kiama.

Hilo la RAM ndilo linaloninyima usingizi. Septemba 2024 Intel walileta Core Ultra 200V, ile ya Lunar Lake, betri inakaa kweli, lakini RAM wameiweka kwenye kifurushi kimoja na prosesa. Ni 16 au 32, ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Januari 2026 wakatoa iliyofuata, Panther Lake, na wakairudisha RAM nje ya kifurushi, ingawa watengenezaji wengi bado wanaichomelea kwenye bodi. Mimi nikisoma tangazo natafuta neno moja tu: nafasi ya RAM ipo au haipo. Kamera na rangi nawaachia wenye hela.

Haya, tupeane. Nyie mnafuatilia nini, na kwa nini?

Chalii wa Kijenge

Kaka uzi mtamu ila umejitetea sana. Mimi nafuatilia kwa sababu napenda, basi. Kuna machalii hapa kijiweni wanajua mshahara wa kila mchezaji wa Arsenal na hakuna anayewauliza lini watainunua timu.

Mangi wa Mezani

Nasalimu kutoka Moshi, Majengo. Sisi wa kompyuta za mezani tumesahaulika kama kawaida, ngoja nijitetee.

Nahariri video za wapanda mlima. Mgeni anashuka Kilimanjaro na saa nzima za GoPro, anataka filamu ya dakika tano kabla ya ndege yake. Laptopu kwa kazi hiyo inawaka moto. Mimi nilijenga ya mezani mwaka 2019, prosesa ya AMD Ryzen 5 2600 kwenye bodi ya B450. Faida ya kufuatilia matoleo niliiona hapo. AMD walikaa na soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) ya AM4 miaka na miaka, na hata walipohamia AM5 mwaka 2022 hawakuitupa. Januari 2024 wakatoa prosesa ya 5700X3D kwa soketi ileile ya zamani. Nikabadilisha prosesa peke yake. Bodi ileile, RAM ileile, kasha lileile lenye mkwaruzo wa paka. Upande wa pili Intel walihama tena soketi Oktoba 2024 na prosesa zao za Arrow Lake, kwa hiyo wa huko akitaka mpya anang'oa na bodi.

Ila nisiwadanganye kwamba ilikuwa laini. Prosesa mpya ilitaka BIOS, ile programu ya bodi inayoiamsha kompyuta, isasishwe kwanza. Nikaanza saa nane mchana, nimetulia, UPS nimeiazima kwa jirani. Asilimia ikafika sitini na kitu, umeme ukakatika. UPS ikalia mlio mmoja mrefu, ikafa. Betri yake ilikuwa pambo. Bodi ikawa tofali. Nikaipakia kwenye Coaster ya Arusha kwa fundi mmoja, akachomoa data ya ile chipu ndogo ya BIOS na kuiandika upya kwa kifaa chake. Tangu siku hiyo UPS naijaribu kwanza kwa kung'oa waya ukutani.

Na sasa nina kilio kipya. Agosti 2025 nilitaka kuongeza RAM nifike GB 64. Nikasema ngoja bei ishuke, kama inavyoshukaga. Kumbe viwanda vinahamishia nguvu kwenye kumbukumbu za seva za akili mnemba, bei ikapanda mpaka nikadhani nimesoma vibaya. Desemba 2025 Micron, watengenezaji wa RAM, wakatangaza wanaachana na Crucial, jina tulilokuwa tunalikimbilia wenye bajeti ndogo. Kwa hiyo mleta uzi, mkulima wako wa Tengeru safari hii mawingu hakuyaona.

VumbiLaSakina

Mangi, ukweli hilo la RAM sikuliona. Nilikuwa nimejinyooshea kwamba 2028 mtumba utakuwa na GB 16 kila mahali. Hesabu yangu ilikuwa hii: Juni 2024 zilipoanza kuuzwa zile Copilot+, laptopu za Windows za akili mnemba, sharti lilikuwa GB 16 na NPU (sehemu ya chipu ya kazi za akili mnemba) yenye kasi ya TOPS 40. Oktoba mwaka huohuo Apple nao wakaacha GB 8 kwenye Mac. Nikasema tayari, tumepona. Sasa bei ikikaa hivi, watengenezaji si ajabu wakabana tena, na ofisi za huko zikanunua ndogo. Nitairekebisha hesabu.

NPU yenyewe sijaona mtu wa hapa mjini anaifanyia nini. Lakini kama ndiyo imewalazimisha waache GB 8, Mungu aibariki.

Fundi Stendi Ndogo

@Mangi wa Mezani kumbe ndiyo wewe! Ile bodi ilikuja imeviringishwa kwenye kanga, nikadhani ni ndizi.

Wakuu, nyie mnaongelea jukwaani, mimi niongelee mezani kwangu, maana mwisho wa safari zote hizo mnakuja nazo hapa.

Kwanza hiki kitu cha "i7". Mteja anaingia na laptopu, kifua mbele, "fundi hii ni i7". Naangalia, i7-7600U, kizazi cha 7, viini viwili. Pembeni kuna i5-8250U ambayo muuzaji ameidharau, ina viini vinne. Mwaka 2017 Intel walipoingia kizazi cha 8 waliongeza viini mara mbili kwenye hizi laptopu nyembamba, kwa hiyo i5 ya nane inaikalisha i7 ya saba, na Windows 11 inaikubali. Aliyekuwa anafuatilia wakati ule anajua. Ambaye hakufuatilia ananunua stika. Na stika hizo, wakuu, zinauzwa kwa karatasi nzima nzima.

Pili, kwa watu wa mezani. Kama mtu anakuuzia prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 au 14, zile kubwa za i7 na i9, muulize ilisasishwa BIOS lini. Zilikuwa na tatizo la kujipa volti kuliko inavyotakiwa, zinachakaa, kompyuta inaanza kuanguka ovyo ukicheza gemu au ukifungua faili kubwa. Intel walitoa marekebisho Agosti 2024 wakaongeza dhamana miaka miwili. Lakini marekebisho yanazuia, hayaponyi. Prosesa iliyokwisha kuumia imeumia. Na dhamana hiyo ukiwa umenunua kwa mtu hapa Ngarenaro, risiti huna, unamdai nani?

Tatu, na hili ndilo linaloliza watu. Laptopu za maofisi nyingine zinakuja na kufuli. Kuna nywila ya BIOS, hiyo utaiona mapema ukijaribu kuingia. Ila kuna kufuli la usimamizi wa mbali: dukani inawaka vizuri, unafurahi, unafika nyumbani unaweka Windows upya, unaunganisha Wi-Fi, inakuandikia karibu kwenye kampuni fulani na inadai barua pepe ya kazini. Hiyo mashine rekodi zake bado zinasoma ni ya mwenyewe. Wengine wanazizungukazunguka, mimi siigusi. Muuzaji akikataa usiweke Windows upya kwa intaneti hapohapo dukani, shika njia uondoke.

Betri sasa. Fungua dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport. Inakutolea ukurasa, unalinganisha uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. Kama ilizaliwa na 50 na sasa ina 22, punguza bei au acha. Asilimia 100 iliyo pale chini kwenye kona haikuambii kitu, hata chupa ya soda ikijaa imejaa.

Mwanafunzi wa Njiro

Shikamooni wakuu. Nimeona Dell mwaka 2025 walifuta majina ya Latitude, Inspiron na XPS, wakaweka Dell, Dell Pro na Dell Pro Max. Januari 2026 wakairudisha XPS. Sasa sisi tutajuaje ipi ni ipi zikifika huku?

Chalii wa Kijenge

Muuzaji atakwambia zote ni Pro Max.

VumbiLaSakina

😂 Marahaba mdogo wangu. Jina liache, soma namba ya prosesa na uiulize intaneti mwaka wake. Intel nao walishatupa ile "i" Desemba 2023 wakaleta Core Ultra, kwa hiyo hata ule wimbo wa i3, i5, i7 unaelekea kuisha.

Mama Hesabu

Habari zenu vijana. Mimi si mtaalamu, naendesha ofisi ndogo ya mahesabu maeneo ya Kaloleni. Nimesoma uzi wote tangu asubuhi, nimeelewa nusu. Mwanangu anaanza chuo, nina laki saba. Kuna duka wameniambia nichukue mpya kabisa, kwenye boksi, Celeron, RAM 4, uhifadhi 64. Nikiangalia ninyi mnaojua mapya yote mnanunua ya zamani, nabaki kichwa kinauma. Mpya si ndiyo nzuri?

VumbiLaSakina

Shikamoo mama. Hapana, usiichukue hiyo. Ni mpya kwa tarehe ya boksi tu. Hiyo 64 ni aina ya uhifadhi wa polepole uliochomelewa kwenye bodi, Windows ikikaa na masasisho yake mawili matatu imejaa, na 4 ya RAM akifungua kivinjari na Word pamoja ataanza kukulalamikia wewe. Namba hizo, 4 na 64, ndicho kima cha chini kabisa cha Windows 11. Ni kama kununua shati linalombana siku ya kwanza ya shule.

Kwa laki saba tafuta moja kati ya hizi: EliteBook 840 G5, Latitude 7490 au T480 kama yangu. Hakikisha prosesa yake namba inaanzia 8 elfu na kitu, RAM 8 au zaidi, SSD 256. Zote tatu RAM inabadilishika, kwa hiyo mwakani ukipata nafasi unamwongezea. T480 ina betri mbili, moja ndani moja nje, ile ya nje unaibadilisha bila kuizima. Kwa siku za mgao hilo si dogo.

Kitu kimoja: akija mtu na zile za Snapdragon kwa bei ya kukushangaza, muulize mwanao kwanza programu za chuo. Zina betri nzuri sana, ila draiva za printa za zamani na baadhi ya programu zinagoma kwa sababu prosesa ni ya aina nyingine. Na kwa ofisi yako ya mahesabu ndiyo kabisa, usijaribu mpaka uone kila kitu chako kinafunguka.

Mama Hesabu

Marahaba baba. Basi kesho naenda na hii orodha yako nimeiandika kwenye karatasi.

Mangi wa Mezani

Mama chukua na mwanao, na powercfg ya fundi iandike hapohapo kwenye karatasi. Wakiona unajua neno moja tu la namna hiyo bei inashuka yenyewe.

Mzee wa Usa River

Nimesoma hadi mwisho. Mimi nilianza na Pentium, kipindi hicho kompyuta ilifunikwa kitambaa cha mapambo kama televisheni. Sasa hivi nafuatilia lakini sisikii tena ule msisimko, kila mwaka asilimia kumi, asilimia kumi na tano. Ya mwisho kunishtua ni hiyo M1. Labda nimezeeka.

VumbiLaSakina

Mzee shikamoo. Hujazeeka, huwa kuna miaka mikavu. Kwenye CES ya Januari 2026, yale maonyesho ya Las Vegas, NVIDIA hawakuleta hata kadi moja mpya ya gemu, mazungumzo yote seva na roboti. Nililala mapema kwa mara ya kwanza.

Mama Hesabu

Wanangu nimerudi kutoa taarifa.

Duka la kwanza walikataa tusiiwashe kwa intaneti, tukaondoka kama fundi alivyosema. La pili tukapata 840 G5, i5-8350U, RAM 8, SSD 256. Laki sita na themanini baada ya kubishana sana. Nilimwambia kijana nionyeshe powercfg, akaniangalia mara mbili, akamwita bosi wake. Betri ilizaliwa na 50, imebaki 41. Haina nywila. Tumeweka Windows upya palepale kwa intaneti, imeingia Windows 11 yenyewe.

Shida ni moja, tumeigundua nyumbani. Vitufe vya Y na Z vimebadilishana nafasi. Mwanangu anaandika barua ya kuomba hosteli, anaandika kwa kuangalia vitufe, "familia yangu" inatoka "familia zangu". Amemaliza ukurasa mzima hajaona. Mkuu wa hosteli atadhani baba yake ana nyumba tatu.

Chalii wa Kijenge

Mama nimecheka mpaka boda wamegeuka 😂😂 Hiyo laptopu inageuza umoja kuwa wingi.

Fundi Stendi Ndogo

Hiyo imetoka Ujerumani, mama, kibodi zao ndivyo zilivyopangwa. Haijaharibika. Mlete kijana kesho kabla ya saa sita, nina stika za vitufe, nambandikia dakika kumi. Na hiyo barua asiitume kwanza.